Survivor bila kulipa: antena, Pluto TV, maktaba au siku za majaribio?

Anayeuliza "Survivor naitazama wapi bure?" huwa anauliza maswali mawili kwa pamoja. Survivor ni shindano la televisheni la Marekani ambamo wachezaji huishi porini na kumpigia kura mmoja wao atoke. Kuna Survivor ya Jumatano hii, ambayo kesho asubuhi wenzako kazini watakuwa wanajua nani kazimiwa mwenge, yaani nani ametolewa. Halafu kuna Survivor ya robo karne: misimu zaidi ya 45 iliyoanza kurushwa na mtandao wa televisheni wa CBS tarehe 31 Mei 2000, wachezaji walipotelekezwa kwenye kisiwa cha Pulau Tiga, pwani ya Borneo. Njia inayokupa ile ya kwanza kwa kawaida haikupi hii ya pili. Ndiyo maana majibu ya mashabiki hugongana. Mmoja anaapa kwa antena, mwingine anasema Pluto TV inatosha, na wote wawili wanasema kweli.

Yote yaliyo hapa ni kwa mtu anayeishi Marekani, na ni njia halali tu. Haki za kurusha kipindi hiki hugawanywa nchi kwa nchi, kwa hiyo kinachofanya kazi Houston si lazima kifanye kazi Toronto.

Vya kupimia

Nimezipima njia zote nne kwa mambo manne yaleyale.

La kwanza ni upya: unaona sehemu mpya saa ileile wanayoiona wengine, kesho yake, au miezi baadaye? Survivor ni kipindi cha kumtoa mtu mmoja kila wiki, na jina la aliyetolewa ndilo habari yenyewe. Siri ikishatobolewa, saa nzima ya hila na minong'ono hupoa.

La pili ni hazina, yaani misimu ya zamani, na hasa kama unaweza kuitazama kwa mpangilio. Watu wengi hulipuuza hili hadi liwaumize. Kipindi hiki kina tabia ya kuwarudisha wachezaji wa zamani. Heroes vs. Villains, msimu wa 20 uliorushwa 2010, umejaa watu waliowahi kucheza, wakiwemo washindi. Winners at War, msimu wa 40 wa mwaka 2020, wachezaji wake wote 20 ni washindi wa misimu iliyotangulia. Ukiangukia kwenye huo kabla ya mingine, umejipa orodha ya majibu kwa mkono wako. Kwa sababu hiyohiyo sitamtaja mshindi yeyote humu.

La tatu ni gharama ya pembeni. Bure huja na kitu chake: matangazo, kifaa cha kununua mara moja, intaneti, au namba ya kadi yako ya benki kukaa kwenye kumbukumbu za kampuni.

La nne ni usumbufu na udhibiti: kuifunga inachukua muda gani, na ukishafunga unaweza kusimamisha, kurudisha nyuma na kuwasha maandishi ya chini? Kwa anayejifunza Kiingereza hayo maandishi si anasa. Wachezaji hunong'ona usiku, hupigana mafumbo, na kila mmoja ana lafudhi ya jimbo lake.

Antena ya hewani

CBS ni kituo cha hewani. Matangazo yake yanapita angani juu ya nyumba yako hivi sasa, na kuyapokea hakulipiwi chochote. Vituo vikubwa vya Marekani vilihamia dijitali moja kwa moja tarehe 12 Juni 2009. Televisheni mpya zinazouzwa nchini humo tangu Machi 2007 zina kipokezi cha dijitali ndani, kwa hiyo hakuna kisimbuzi cha kununua. Unachomeka waya wa antena nyuma, unaiambia televisheni itafute chaneli, basi.

Upya: hakuna njia ya bure inayoishinda. Sehemu mpya huingia Jumatano saa mbili usiku kwa saa za Mashariki na za Pasifiki, na saa moja kwa saa za Kati na za Milimani. Tazama vizuri hapo: aliye Los Angeles anaiona saa mbili ya kwake, wakati New York wameshaimaliza na kwenda kulala. Kwa watu wa Pasifiki antena haizuii siri kutobolewa. Ukitaka kuwa salama, achana na mitandao ya kijamii kuanzia saa kumi na moja jioni.

Hazina: hakuna. Kilichopita kimepita. Unaweza kuongeza kifaa cha kurekodi, kwa mfano Tablo ya mwaka 2023 ambayo haidai malipo ya mwezi, au HDHomeRun ukiipa diski na kompyuta ya kuendeshea. Hapo utajijengea maktaba yako ya msimu unaoendelea, lakini hakutakuletea mwaka 2003.

Gharama: antena ya ndani ya kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 40, ukishalipa umemaliza. Matangazo ya biashara yamo, na katika misimu ya karibuni sehemu moja huchukua dakika 90 pamoja nayo. Intaneti haihitajiki kabisa, jambo ambalo mwenye kifurushi chenye kikomo atalipenda.

Usumbufu: hapa ndipo watu huachana. Kuna nyumba ambazo antena hubandikwa dirishani na picha ikatoka safi kuliko ya kebo. Kuna nyingine, kilomita chache tu kutoka hapo, ambapo CBS ndiyo chaneli pekee inayogoma. Sababu mara nyingi si ubovu wa antena. Vituo vingi hurusha kwenye UHF, yaani masafa yenye mawimbi mafupi, na zile antena bapa kama karatasi zimetengenezwa hasa kwa ajili hiyo. Baadhi ya vituo vya CBS, hata hivyo, viko VHF, ambako mawimbi ni marefu na yanahitaji vijiti virefu. Mfano unaojulikana ni WBBM ya Chicago: kwenye skrini inaonyesha namba 2, lakini kwa hakika inarusha kwenye chaneli 12 ya VHF. Mtu wa Chicago mwenye antena bapa anaweza kupata chaneli kibao na asiione CBS. Dawa yake ni ile antena ya zamani yenye vijiti viwili vya kuvuta, na mara nyingi ndiyo ya bei ndogo zaidi dukani.

Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye ramani ya mapokezi ya televisheni ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, andika anwani yako, na uone kituo cha CBS kiko upande gani, kina nguvu kiasi gani, na kinarusha chaneli ya ngapi. Usiende kwa kumbukumbu. Atlanta, kwa mfano, CBS ilihama Agosti 2025 kutoka WANF kwenda WUPA, na waliokuwa wanaijua namba ya zamani walilazimika kuitafuta upya.

Mpangaji asikate tamaa pia. Kanuni ya FCC ya mwaka 1996 inamzuia mwenye nyumba kukukataza kuweka antena mahali unapopatumia wewe peke yako, kama vile baraza yako au roshani. Paa la jengo zima halimo, na kutoboa ukuta ni habari nyingine.

Kuhusu udhibiti, bila kifaa cha kurekodi huwezi kusimamisha wala kurudisha. Maandishi ya chini yapo, yanawashwa kwenye rimoti.

Inamfaa anayetaka msimu wa sasa, anayekaa mahali ambapo mawimbi yanafika, na anayeweza kuwa kochini Jumatano usiku.

Pluto TV

Pluto TV ni huduma ya mtandaoni inayoendeshwa kwa matangazo ya biashara. Viacom iliinunua mwaka 2019, na leo iko chini ya kampuni ileile inayomiliki CBS. Ndiyo maana Survivor imo humo kihalali, si kwa kuibiwa. Haitaki kadi, na unaweza kutazama bila hata kujiandikisha. Inapatikana kwenye simu, kompyuta, Roku, Fire TV na televisheni nyingi zenye intaneti.

Upya: msimu unaoendelea usiutarajie. Huduma hii imepewa makabati ya zamani, na sehemu mpya zimewekwa nyuma ya malipo ya Paramount+, huduma ya kulipia ya kampuni hiyohiyo, kwa sababu zilizo wazi.

Hazina: hii ndiyo nguvu yake, na ndipo pia mtego wake ulipo. Ndani ya Pluto kuna milango miwili. Mmoja ni chaneli inayotiririka saa 24, Survivor juu ya Survivor. Unaingia na kukuta kura zinahesabiwa, hujui ni msimu gani wala nani ni nani. Ni burudani nzuri unapopika au kupasi nguo. Kwa anayeanza, ni njia rahisi ya kujua mshindi wa msimu ambao hujauanza. Mlango wa pili ni maktaba ya kuchagua mwenyewe, ambako misimu imepangwa na unaanza sehemu ya kwanza hadi fainali. Anayetaka kufuata hadithi apite mlango huu wa pili. Misimu iliyomo hubadilika, mmoja huondolewa mwingine huletwa, kwa hiyo ukianza msimu usiuweke kiporo miezi mitatu.

Msomaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kuiona Survivor anaweza kuanza na msimu wa 3 akiukuta, uliochezwa mwaka 2001 katika Hifadhi ya Shaba, Kenya. Makabila mawili, yaani timu za wachezaji, yaliitwa Boran na Samburu, yalipounganishwa yakaitwa Moto Maji, na wachezaji walilala ndani ya boma la miiba kwa kuwa simba walikuwa jirani. Wachezaji wote ni wapya, hivyo hakuna unachoharibu kwa kuanzia hapo. Jambo jingine zuri kwa mgeni ni kwamba michezo ya zamani kwa kawaida ilikuwa ya siku 39. Tangu msimu wa 41, uliorushwa 2021, ni siku 26, na mambo yanakwenda mbio zaidi, vikorokoro vya mchezo navyo vikiwa vingi.

Gharama: matangazo, mengi, na hayarukwi. Hukatiza mahali pa ajabu wakati mwingine, hata katikati ya sentensi. Unahitaji intaneti ya kutosha, na ukitazama kwa data ya simu utaihisi.

Usumbufu: mdogo kuliko njia zote. Dakika tano umeanza. Ukiingia maktaba unaweza kusimamisha na kurudisha nyuma. Kwenye chaneli inayotiririka, la.

Inamfaa mgeni wa kipindi, mwenye kiu ya misimu ya zamani, na yeyote asiyetaka kutoa kadi yake.

Maktaba ya umma

Njia hii husahaulika, nami nadhani inapunjwa sifa. Maktaba nyingi za umma Marekani huazimisha DVD, na kadi ya maktaba ni bure kwa mkazi wa eneo. Uhakika wa anwani unatosha.

Upya: sifuri, hilo tusibishane.

Hazina: ya wastani kwa wingi, bora kwa mpangilio. Sanduku la DVD lina msimu mzima, kuanzia siku ya kwanza hadi mshindi kutangazwa. Halitaondolewa katikati kwa sababu mkataba umekwisha, wala halitakurushia msimu wa 40 kabla hujamaliza wa 7. Si misimu yote iliyotoka kwenye DVD kwa kuuzwa madukani, na hakuna maktaba moja yenye yote. Hapo ndipo uliza kuhusu kuazima kutoka maktaba nyingine. Maktaba yako inaomba sanduku kutoka mji wa jirani, nawe unalichukua kaunta yako ya kawaida. Wakutubi huizoea kazi hii na hawatakushangaa kwa kuomba Survivor badala ya riwaya.

Gharama: hakuna matangazo ya biashara hata moja. Kwa misimu ya mwanzo, sehemu iliyochukua saa nzima hewani inabaki kama dakika 43. Unahitaji deki ya DVD, ambayo nyumba nyingi hazina tena. Baadhi ya maktaba huazimisha hata deki yenyewe. Faini za kuchelewesha zimefutwa katika miji mingi, ila uliza ya kwako.

Usumbufu: kusubiri foleni, kwenda na kurudi, na diski yenye mikwaruzo inayokwama katikati ya baraza la kabila, kikao cha kupiga kura.

Inamfaa mtazamaji mtulivu, familia inayotazama pamoja bila matangazo, na mwenye intaneti mbovu.

Siku za majaribio

Huduma za kulipia hutoa siku chache za bure ili uonje. Paramount+, ambayo ndiyo makao rasmi ya Survivor mtandaoni tangu ilipochukua nafasi ya CBS All Access mwezi Machi 2021, imewahi kutoa siku 7. Huduma zinazouza chaneli za moja kwa moja mtandaoni, kama YouTube TV, nazo zina CBS na hutoa majaribio yao. Ofa hizi hupanuliwa, hupunguzwa na hata kufutwa, kwa hiyo angalia ukurasa wa kujiunga siku hiyohiyo kabla ya kupanga jambo.

Upya: inategemea umechukua nini. Kwenye Paramount+ kifurushi cha bei ya chini hakina CBS ya moja kwa moja. Sehemu mpya unaipata kesho yake. Cha bei ya juu kinayo usiku uleule. Wengi hukosea hapa, wanajiunga Jumatano jioni ya fainali na kujikuta wanatazama skrini inayowaambia wasubiri.

Hazina: kwa Paramount+, hakuna njia nyingine inayokaribia. Misimu imo karibu yote na kwa mpangilio. Lakini piga hesabu. Msimu wa zamani una sehemu kama 13 za dakika 43, karibu saa 10. Wa sasa, wenye sehemu ndefu, unavuka saa 13. Mwenye kazi na watoto atamaliza msimu mmoja kwa wiki, labda miwili. Jaribio basi ni la kuchomolea msimu mmoja mahususi ambao hukuupata kwingine. Kumaliza historia nzima kwa siku 7 ni ndoto.

Gharama: leo dola sifuri, kesho inategemea kumbukumbu yako. Kadi inatakiwa mwanzoni, na siku zikiisha makato huanza yenyewe. Weka kengele ya simu siku moja kabla. Soma pia sharti la kujitoa: huduma nyingine zikikuona umejitoa mapema hukuachia siku zilizobaki, nyingine hukata palepale. Na jaribio ni mara moja. Kufungua akaunti ya pili kwa barua pepe nyingine ni kuvunja masharti uliyoyakubali, na kadi ileile itakuumbua.

Usumbufu: kujiunga ni rahisi mno, kutoka ndiko kwenye vichochoro. Udhibiti ni kamili: simamisha, rudisha, maandishi ya chini, endelea ulipoishia.

Inamfaa mwenye lengo moja lenye tarehe: wiki ya fainali, au msimu mmoja alioukosa.

Zilizoachwa nje

Tovuti za wizi sikuzipa kichwa chao. Madirisha ya kamari, programu chafu na picha inayokatika wakati kura ya mwisho inafunuliwa. Hata ukiweka sheria kando, ni biashara mbaya kwa mtazamaji.

Swali linalorudi ni hili: kama CBS hewani ni bure, kwa nini mtu asiirushe tu kwenye intaneti bure? Wamejaribu. Aereo ilimkodishia kila mteja antena ndogo ya mbali, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi yake mwezi Juni 2014. Locast, iliyoanza New York mwaka 2018 kama shirika lisilo la faida, ilizima mitambo Septemba 2021 baada ya hakimu kuona kwamba michango iliyokuwa ikiwaomba watazamaji ilikiuka msamaha wa kisheria iliouegemea. Kwa hiyo programu mpya ikikuahidi CBS ya moja kwa moja bila malipo na bila kusema imepata wapi haki, jua yaliyowakuta waliotangulia.

Vijisehemu rasmi vya YouTube navyo si mbadala. Ni vifupi, na vichwa vyake huweza kutaja majina ya waliotolewa.

Kwa hali yako

Una hamu ya msimu wa sasa na unaishi mjini karibu na mnara: ramani ya FCC kwanza, antena baadaye. Ukigundua kituo chako kiko VHF, nunua ya vijiti.

Unafanya kazi zamu ya usiku, Jumatano haupo: antena pamoja na kifaa cha kurekodi, kama uko tayari kutoa pesa mara moja. Kama hauko tayari, vumilia. Kaa mbali na mazungumzo ya msimu huu, tazama wa zamani Pluto, na wiki ya fainali ikifika tumia jaribio la Paramount+, kama bado lipo, ukimeza msimu wote kwa mpigo. Kwa hili hata kifurushi cha chini kinatosha, mradi ujiunge siku moja baada ya fainali.

Hujawahi kuona hata sehemu moja: Pluto, mlango wa maktaba, msimu wowote wa kabla ya wa 8, maana wa 8 ndio wa kwanza kuwarudisha wachezaji wa zamani. Ukinogewa, nenda maktaba ya umma ukachukue iliyokosekana.

Uko kijijini, mawimbi hayafiki na intaneti inakokota: DVD za maktaba. Antena ya nje juu ya nguzo inaweza kuleta CBS hata kutoka mbali, ila hiyo ni kazi ya ngazi na pesa zaidi, na milima ikikuzunguka huenda isisaidie.

Watoto wanatazama nawe na hutaki matangazo: maktaba tena. Kumbuka tu kwamba misimu ya mwanzo ina lugha na utani wa mwaka 2000, na mengine yatakulazimu kusimamisha ili kuyaeleza.

Upo Pasifiki na wenzako wote wako Mashariki: antena kwa picha, na simu kwenye chumba kingine hadi saa tatu na nusu.